Mgonjwa wa Uvimbe wa Ubongo Akishikwa na Kifafa: Mwongozo kwa Wanaomuuguza Nyumbani

Ilikuwa saa moja kasorobo jioni, chumbani kwetu ghorofa ya tatu kule Kayole, Nairobi, na stima ilikuwa imepotea tangu mchana. Kaka yangu alikuwa ameketi kwenye kibao akikata sukuma wiki. Kidole gumba cha mkono wa kulia kikaanza kuchezacheza. Akaacha mboga, akakishika kwa mkono wa kushoto ili kitulie. Hakikutulia. Kikafuata kiganja, kisha kiwiko, kisha bega. Pembe ya mdomo ikavutika upande wa kulia, akanitazama bila kuweza kutamka neno. Kisu kilianguka kwanza. Yeye akafuata.

Mimi ni muuguzi. Wodini nimeona kifafa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Lakini wodini kuna kitanda chenye vizuizi, oksijeni ukutani na daktari wa kuitwa. Nyumbani palikuwa na mshumaa mmoja na jirani aliyeingia mbio akipiga kelele, "Leteni kijiko, ataumeza ulimi!" Nami, pamoja na mafunzo yangu yote, sikutazama saa. Tulipofika hospitalini daktari akaniuliza kifafa kilidumu dakika ngapi, nikakosa jibu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaambia jamaa za wagonjwa jambo moja: uvimbe hutibiwa hospitalini, lakini kifafa chake kinaishi nyumbani. Kliniki ni mara moja kwa mwezi, na ukiingia kwa daktari unakaa naye robo saa. Saa zote zilizobaki ni zenu, kwa hiyo nyumba yenyewe lazima ijue la kufanya. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya nyumba kama hizo.

Neno "kifafa" hapa nalitumia kwa tukio lenyewe, kama tunavyosema "kimemshika". Degedege tuwaachie watoto wenye homa.

Kwa nini uvimbe huleta kifafa

Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo unaopita kati ya seli na seli. Uvimbe unapokua huzibana seli za pembeni yake, huzivimbisha kwa maji, na mara nyingine huvuja damu. Seli zilizosumbuliwa hivyo zinaweza kurusha umeme zote kwa pamoja bila mpangilio, na hapo kifafa huanza. Ndiyo maana uvimbe ulio kwenye ganda la juu la ubongo huleta kifafa zaidi kuliko ule ulio chini kabisa, kisogoni. Na kuna jambo linalowashangaza wengi: uvimbe wa aina ya glioma unaokua polepole huleta kifafa mara nyingi kuliko ule mkali unaokua haraka. Kwa hiyo wingi wa vifafa, peke yake, si kipimo cha ubaya wa uvimbe. Nimewaona watu wakikata tamaa bure kwa kutolijua hili.

Hakiambukizi. Povu ni mate tu, pengine na damu kidogo kama ameuma ulimi. Ukimgusa hupati kitu. Katika ploti zetu watu bado husimama mlangoni wakiogopa kumshika mtu anayehitaji tu kugeuzwa ubavu.

Mawili zaidi kabla ya kuingia kwenye hatua. Mtu mzima ambaye hajawahi kushikwa maishani, akishikwa kwa mara ya kwanza, asipewe vidonge akarudishwa nyumbani bila picha ya ubongo. Picha ya CT huonyesha mengi na hupatikana haraka. MRI huonyesha zaidi. Pili, si kila mwenye uvimbe anahitaji dawa za kifafa. Ambaye hajawahi kushikwa hata mara moja, kwa kawaida haanzishiwi dawa za muda mrefu za kumkinga. Wakati wa upasuaji anaweza kupewa kwa siku chache. Kama ndugu yako alipewa hivyo na hajawahi kushikwa, uliza waziwazi: "Daktari, hizi anaacha lini?" Nimewakuta watu wakizimeza miaka miwili kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Hatua ya kwanza: kijue kifafa cha mtu wako

Si kila kifafa ni kuanguka na kutetemeka mwili mzima. Kwa wenye uvimbe, kingi huanzia sehemu moja ya ubongo, na dalili hufuata kazi ya sehemu hiyo. Kile cha kaka yangu, kilichopanda kutoka kidoleni hadi begani, ndicho alichokichunguza daktari Mwingereza John Hughlings Jackson katika karne ya 19, na hadi leo mwendo huo hubeba jina lake. Mwingine hukatika maneno kwa dakika moja huku akikuelewa vizuri. Mwingine hutazama mbali, akitafunatafuna mdomo mtupu na kuchezea vifungo vya shati, ukimwita haitiki. Mwingine husikia tumbo likipanda kifuani, au harufu ya kitu kinachoungua ambayo hakuna mwingine anayeisikia. Mwanamuziki wa Marekani George Gershwin alilalamikia harufu ya mpira unaoungua kwa miezi, akaambiwa ni mishipa ya fahamu tu. Akafa mwaka wa 1937 akiwa na umri wa miaka 38, kwa uvimbe wa ubongo. Mgonjwa akikwambia anasikia harufu, usimcheke. Andika.

Nunua daftari la kurasa 48. Kila tukio andika tarehe, saa, lilianzia wapi, upande gani, lilidumu dakika ngapi, alikuwa na fahamu au la, na alichukua muda gani kurejea. Pembeni andika yaliyotangulia: alilala saa ngapi, alitapika, alikuwa na homa, alikosa dozi. Kama mko wawili, mmoja apige video kwa simu huku mwingine akimshika. Usione haya. Sekunde 30 za video zimenisaidia mimi na madaktari kuliko maelezo ya nusu saa, hasa zikionyesha macho na mikono yote miwili.

Jambo la kujua mapema: baada ya kifafa, mkono au mguu uliotetemeka unaweza kulegea kabisa kwa dakika kadhaa, hata kwa saa nyingi, kisha nguvu zikarudi. Familia hudhani ni kiharusi. Ikitokea kwa mara ya kwanza, mkimbize hospitalini, kwa sababu nyumbani huwezi kutofautisha. Ikiwa daktari ameshaeleza kwamba ndivyo inavyomtokea yeye, mpe muda uliotajwa. Ukipita bila nafuu, nendeni.

Hatua ya pili: dawa, saa moja na saa moja

Hapa nitakaa kwa muda, maana vifafa vingi nilivyoviona vingeweza kuzuilika hapa.

Dawa inayotumiwa zaidi siku hizi kwa wenye uvimbe ni levetirasetamu, ambayo wengi huijua kwa jina la Keppra. Mtu mzima mara nyingi huanza na miligramu 500 mara mbili kwa siku, na daktari anaweza kuongeza hadi jumla ya 3000 kwa siku. Mwenye figo dhaifu hupunguziwa. Sababu ya kupendwa ni kwamba haigombani na dawa nyingine. Ubaya wake ni hasira. Mtu mpole anaweza kugeuka akawa mkali kama pilipili, au akawa na huzuni nzito, hata akatamani kufa. Mke mmoja aliniambia, "Sista, huyu si mume wangu." Alikuwa mume wake yule yule, na dawa hiyo ndani. Ukiona hivyo, mwambie daktari wiki hiyo hiyo. Akizungumzia kujiua, siku hiyo hiyo. Ipo namna ya kubadilisha. Usiisimamishe mwenyewe.

"Mara mbili kwa siku" maana yake ni kila baada ya saa 12. Chagueni saa moja asubuhi na saa moja jioni, au saa mbili na saa mbili, mwekeni kengele kwenye simu, basi. Asubuhi na "jioni wakati wa kulala" si sawa, kwa sababu leo mtu hulala saa tatu na kesho saa sita. Akisahau, ameze mara akumbukapo, isipokuwa kama dozi inayofuata imekaribia. Hapo aendelee na inayofuata. Asimeze mbili kwa pamoja kufidia. Akitapika muda mfupi tu baada ya kumeza, pigeni simu kliniki muulize kama arudie. Wanaotumia dawa za saratani za kumeza hutapika sana, kwa hiyo ulizeni hili kabla ya tiba kuanza, mpewe na dawa ya kuzuia kutapika.

Fenitoini, kabamazepini iitwayo pia Tegretol, na fenobabito ni dawa za zamani, za bei nafuu, na zinazuia kifafa kweli. Siwezi kumlaumu daktari anayeziandika pale ambapo familia haina uwezo wa nyingine. Lakini huliamsha ini likavunja dawa nyingine upesi. Hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za saratani, na ya dexamethasoni inayopunguza uvimbe wa maji kichwani. Hupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi na ya kijiti cha mkononi, na mwanamke akashika mimba asiyoitarajia. Hupunguza pia dolutegraviri, iliyomo katika kidonge cha TLD ambacho Wakenya wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI hukimeza kila siku. Kwa hiyo daktari wa kifafa lazima ajue kila kidonge kilichomo nyumbani, hata kile ambacho mgonjwa hataki jamaa wakijue. Mpe nafasi azungumze na daktari peke yake. Toka nje ya chumba.

Anayemeza fenitoini akianza kuyumba kama mlevi, macho yakichezacheza na ulimi ukiwa mzito, huenda dawa imezidi kwenye damu, apelekwe apimwe. Valproeti, wengine huiita Epilim, inaweza kupunguza chembe za kugandisha damu, jambo la kuangaliwa kabla ya upasuaji na wakati wa tiba ya saratani. Pia inaweza kumlemaza mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mwanamke wa umri wa kuzaa asiianze bila mazungumzo marefu. Lamotrijini huongezwa polepole sana, kwa wiki nyingi. Na kwa dawa yoyote kati ya hizi, upele ukitoka, hasa pamoja na homa au vidonda mdomoni, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Dexamethasoni si dawa ya kifafa, lakini husaidia kwa kupunguza uvimbe wa maji unaobana ubongo. Imezwe asubuhi baada ya chakula, maana humnyima mtu usingizi na huchoma tumbo. Hupandisha sukari. Usiikate ghafla baada ya wiki kadhaa. Hupunguzwa kwa ngazi ambazo daktari ameandika.

Sasa yaliyotupata sisi. Mwezi mmoja nilimtuma kijana kwenye kemisti kununua dawa za kaka. Walikosa vidonge vya 500, wakampa vya 250, bei ikapungua, kijana akafurahi. Hakuna aliyeandika kwenye pakiti kwamba sasa ni viwili viwili. Kaka alimeza kimoja kimoja, nusu ya dozi yake, kwa siku tano. Siku ya sita alishikwa mara mbili kabla ya saa sita mchana. Tangu hapo sinunui bila kufungua pakiti palepale kaunta na kusoma namba. Nunueni za mwezi ujao zikiwa zimebaki za siku kumi, na mkiweza mshikilie kampuni moja ya utengenezaji. Pakiti ikibadilika rangi, uliza kabla ya kumeza.

Na dawa za kununua tu dukani? Tramadoli ya maumivu na siprofloksasini ya maambukizi zinaweza kukikaribisha kifafa. Kila mahali anapotibiwa, hata kama ni jino, aanze kwa kusema, "Nina uvimbe wa ubongo na ninashikwa na kifafa."

Kukosa usingizi nako hukiita haraka. Nasema hili kwa heshima, kwa kuwa nami ni mtu wa kanisa: kesha za usiku kucha hazimfai mgonjwa huyu. Aombewe mchana. Kufunga nako, iwe ni Ramadhani au mfungo wa kanisa, kuzungumzwe kwanza na daktari, kwa sababu dozi ya asubuhi haiwezi kuruka hadi magharibi bila mpango. Pombe aiache. Akitoka ushago akiwa na homa, apimwe malaria mara moja, na homa ishushwe.

Hatua ya tatu: itengeneze nyumba

Kaka hakukatazwa kupika. Tulichobadilisha ni namna: kukata mboga kulihamia sakafuni kwenye mkeka, kisu kidogo, mtu mwingine akiwa chumbani. Jiko la makaa na sufuria ya maji yanayochemka ni vya mwingine. Mpini wa sufuria ugeukie ukutani. Nimeona kovu la mtu aliyeangukia jiko akiwa peke yake nyumbani, na sitaki kumwona mwingine.

Bafuni, komeo la ndani litolewe. Mlango urudishwe tu, kitambaa chekundu kikining'inia nje kumaanisha kuna mtu. Aoge ameketi kwenye kiti cha plastiki, maji kwenye beseni dogo. Mtu anaweza kuzama katika ndoo. Choo cha pamoja cha ploti asiende peke yake usiku. Kitanda kiwe cha chini, au godoro liwekwe sakafuni, mbali na ukuta wenye kona na mbali na chandarua kilichoning'inizwa kwa kamba nyingi. Roshani na paa la kuanikia nguo, hapana.

Gari asiendeshe, wala pikipiki. Kupakiwa kwenye bodaboda ni hatari vile vile, kwa kuwa akishikwa katikati ya barabara ya Outer Ring hakuna atakayemdaka. Kwenye matatu akae kiti cha ndani, dirishani, mwenzake upande wa njia. Mjengo, ngazi na mashine za kukata avisahau hadi daktari aseme vingine. Kwa mwanamume anayelisha familia kwa mjengo hii ni hukumu nzito, najua. Mkae kikao cha familia mapema muamue nani atachanga nini, kabla hajalazimika kutoroka kwenda kazini.

Hatua ya nne: dakika zenyewe

Kikimshika, jambo la kwanza ni kutazama saa. Sema kwa sauti: "Saa moja na dakika nane." Ukiisema, hata kama umechanganyikiwa, mtu mwingine ataikumbuka. Dakika moja ya kifafa huonekana kama robo saa, na maamuzi yote yanayofuata yanategemea muda.

Ondoa vilivyo karibu: jiko, kikombe, meza. Mwekee kitu laini chini ya kichwa, hata sweta iliyokunjwa. Legeza kola, vua miwani. Mgeuze ubavu mara uwezapo, ili mate na matapishi yatoke yasimpalie. Kama mwili umekakamaa hugeuki, subiri ulegee kidogo kisha ugeuze. Piga magoti nyuma ya mgongo wake, goti lako likimzuia asirudi chali.

Usitie kitu mdomoni. Si kijiko, si kidole, si kitambaa, si maji, si kidonge. Ulimi haumezeki, umeungwa chini ya mdomo. Kijiko huvunja jino, na jino likaenda kwenye mapafu. Usimkandamize mikono, nguvu yako dhidi ya misuli iliyokaza huvunja mfupa au kutegua bega. Usimmwagie maji, usimnusishe kiatu wala kitunguu, usimwashie kiberiti puani. Kisha ongea naye, kwa sauti ya chini, kwa jina lake. Pengine hasikii. Anayeanza kurejea husikia kwanza kabla ya kuweza kujibu, na kaka aliniambia baadaye kwamba sauti yangu ndiyo iliyomwambia yuko wapi.

Kama ni kile cha kutazama mbali na kutembeatembea, usimshike kwa nguvu. Funga mlango, simama kati yake na ngazi, mwelekeze polepole.

Vifafa vingi huisha vyenyewe ndani ya dakika tatu hivi. Kikifika dakika tano, hiyo ni dharura: ubongo umeshindwa kukizima wenyewe, na kadiri muda unavyopita ndivyo dawa zinavyozidi kushindwa. Hapa ndipo dawa ya kuokolea huingia, kama daktari alikuandikieni. Ni diazepamu ya kutiwa njia ya haja kubwa kwa sindano isiyo na ncha, au midazolamu ya kutiwa kati ya shavu na ufizi. Dozi iandikwe na daktari, na muuguzi akuonyeshe kwa mikono yako mwenyewe kabla hujatoka kliniki. Kusoma karatasi hakutoshi. Ukishaitia, tazama kifua kinapanda na kushuka, na usirudie dozi ya pili bila kuambiwa. Kama hamna dawa hiyo, omba izungumziwe kliniki ijayo.

Kwenda hospitalini

Nendeni bila mjadala iwapo kifafa kimepita dakika tano. Au kimemshika tena kabla hajarejewa na fahamu. Au vimekuwa kadhaa ndani ya siku moja, tofauti na kawaida yake. Au amejigonga kichwa, amepaliwa, anapumua kwa shida, ana mimba, au ana ugonjwa wa kisukari anaotibiwa kwa sindano. Pia kama hajarudi katika hali yake baada ya nusu saa hadi saa moja: kuna kifafa kisichotetemesha, kinachoendelea kimya ndani huku mtu akionekana amechanganyikiwa tu, na kipimo cha umeme wa ubongo ndicho hukifichua.

Namba ziandikwe ukutani: 999 na 112 za dharura, na 1199 ya Msalaba Mwekundu. Lakini kaa mkijua jirani mwenye gari ni nani, na mmeshamwomba mchana kabla ya usiku kufika. Kwetu Kayole, hospitali ya Mama Lucy Kibaki ndiyo ya karibu. Wanaotibiwa Kenyatta au hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta kule Kahawa wasidhani lazima wafike huko huko kifafa kikiwa kinaendelea. Kizimwe kwanza mahali pa karibu, rufaa ifuate. Kumshusha kutoka ghorofani, subirini kutetemeka kuishe, kisha watu wanne wamlaze kwenye blanketi gumu, kila mmoja pembe yake, kichwa kikiwa upande wa juu wa ngazi, uso ukigeuzwa pembeni.

Mfuko uwe tayari nyuma ya mlango: daftari, pakiti za dawa zenyewe, nakala ya ripoti ya picha ya mwisho na muhtasari wa kulazwa, kitambulisho, na simu iliyochajiwa. SHA, bima ya afya ya taifa iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, hakikisheni usajili na michango iko sawa wakati mgonjwa yuko mzima. Saa nane usiku kwenye dirisha la malipo si wakati wa kugundua kwamba haiko.

Kifafa kikibadilika

Kikizidi, kikibadilisha sura au kikirudi baada ya miezi ya utulivu, maswali ya kwanza ni ya kawaida: dozi zimemezwa, amelala, ana maambukizi, kuna dawa mpya? Haya yakijibiwa, basi apigwe picha. Huenda uvimbe umekua, au umevuja damu, au ni uvimbe wa maji uletwao na tiba ya mionzi. Maumivu ya kichwa yanayomwamsha alfajiri, kutapika bila kichefuchefu, usingizi mzito usio wake, ni dalili za kichwa kubanwa. Hizo zisisubiri kliniki. Upande mwingine wa habari hii ni mzuri: tiba ya uvimbe wenyewe hutuliza kifafa. Uvimbe ukitolewa wote au sehemu kubwa, wengi hushikwa mara chache zaidi au huacha kabisa, na mionzi na dawa za saratani pia husaidia. Dawa za kifafa hata hivyo hazikatwi siku ya kutolewa nyuzi.

Ugonjwa ukifika mahali mgonjwa hawezi kumeza, msimwache bila dawa mkidhani yamekwisha. Levetirasetamu iko ya maji, na vidonge vya kawaida huweza kusagwa. Vile vya kuachilia dawa polepole visisagwe. Ipo midazolamu ya shavuni, na zipo za kutiwa chini ya ngozi. Nairobi Hospice, iliyoanza mwaka wa 1990 na iliyo katika uwanja wa hospitali ya Kenyatta, huwasaidia wagonjwa na jamaa zao kwa mambo kama haya. Waiteni mapema, wao si watu wa siku ya mwisho tu.

Na majirani? Jumapili moja niliwaalika wa ghorofa yetu chai na mandazi, kaka mwenyewe akawaeleza kwa maneno yake machache, nikawaonyesha jinsi ya kumgeuza ubavu, tukabandika karatasi nyuma ya mlango. Aliyetaka kijiko aliuliza maswali mengi kuliko wote. Wiki tatu baadaye nilikuwa kazini wakati kifafa kilipomshika kaka pale pale mkekani. Simu ikalia. Sikusikia kelele, ila sauti tulivu ya jirani yule yule: "Sista, kilianza saa kumi na dakika ishirini na mbili, kimeisha saa kumi na ishirini na nne. Amelala ubavu, anapumua vizuri. Mdomoni sikutia kitu."